Shotigani Fupi Katika Nchi ya Dubu: Kipi Kikatwe, Kipi Kibaki

Dubu wa kahawia wa Alaska akiamua kukimbia hufika kilomita 55 kwa saa, yaani mita 15 kwa kila sekunde. Kwenye vichaka vya alda vinavyofunika kingo za mito ya samoni, mtu humwona dubu akiwa umbali wa mita 20 au 30 tu, na mara nyingi dubu naye ndiyo kwanza anashtuka kumwona mtu. Kwa hiyo anayeuliza abebe bunduki gani huko anauliza mikono yake itaweza kufanya nini ndani ya sekunde 2, mvua ikinyesha, begi zito likiwa mgongoni na vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Wamarekani wanapojadili shotigani fupi ya matembezi huanza na urefu wa mtutu na bei. Mimi naanza na hizo sekunde 2, kwa sababu kila sentimita unayoikata kwenye bunduki unailipia hapo.

Sisi huku hatuna dubu. Wale wa milima ya Atlasi, kaskazini kabisa mwa Afrika, inaaminika walimalizika karne ya 19. Kilicho karibu na hali hiyo kwetu ni nyati: anayepanda Mlima Meru hutembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki, na kazi yake mgeni ni kufuata nyuma na kunyamaza anapoambiwa anyamaze. Alaska askari huyo hayupo. Jimbo hilo lina dubu wa kahawia wapatao 30,000 na dubu weusi wapatao 100,000, na visiwa vya Kodiak pekee vina dubu wa kahawia kama 3,500, madume yao makubwa yakipita kilo 500. Mtembeaji ndiye askari wa msafara wake, na mara nyingi ni mtu wa ofisini aliye likizo.

Kabla ya bunduki, pilipili. Kopo la dawa ya kufukuza dubu lililoidhinishwa na mamlaka ya mazingira ya Marekani huwa na gramu 225 au zaidi, na hurusha wingu la pilipili kali umbali wa mita 7 au 8, mengine hata zaidi. Mwaka 2008 watafiti Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao walichapisha uchambuzi wa matukio 83 ya Alaska yaliyotokea kati ya 1985 na 2006 ambamo dawa hiyo ilitumika. Ilimzuia dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio, na dubu mweusi katika asilimia 90. Kati ya watu wote waliokuwa na kopo walipokutana na dubu kwa karibu, asilimia 98 hawakuumia. Miaka minne baadaye Smith na Herrero walirudi na utafiti mwingine, safari hii wa bunduki: matukio 269 tangu 1883 hadi 2009. Bunduki ndefu zilimsimamisha dubu katika asilimia 76 ya matukio, bastola asilimia 84, na tofauti hiyo kitakwimu haikuwa na uzito. Lakini kilichozua ubishi ni hiki: waliofyatua na waliokuwa na bunduki bila kuifyatua waliumia kwa kiwango kilekile.

Wapenzi wa bunduki waliipinga hesabu hiyo, na si kwa ukaidi mtupu. Kumbukumbu za bunduki zimejaa visa vilivyoharibika, maana mtu aliyefyatua risasi moja na dubu akakimbia haandiki barua popote. Kumbukumbu za pilipili nazo zina dubu wengi waliokuja kuchungulia tu au kutafuta chakula, si dubu mama anayekuja mbio kutetea watoto. Kuweka asilimia 92 kando ya 76 na kutangaza mshindi ni kulinganisha visivyolingana. Hata hivyo matokeo yale ya majeraha hayaondoki kwa hoja hiyo. Yanasema kuwa bunduki mkononi mwa mtu asiyewahi kuitumia akiwa na hofu haimpunguzii hatari, na ndilo jambo ambalo kila uchaguzi wa bunduki unapaswa kulijibu.

Kuna ushahidi mwingine naupenda kuliko hizo takwimu. Kwenye mto McNeil, kusini-magharibi mwa Alaska, dubu hukusanyika kwa makumi kula samoni, na wageni hukaa mita chache tu kutoka kwao. Tangu utaratibu wa vibali uanze mwaka 1973, hakuna mgeni aliyejeruhiwa na dubu. Wafanyakazi wa jimbo wanaowaongoza hubeba bunduki, ndiyo. Kilichofanya kazi muda wote huo ni idadi ndogo ya watu, njia zilezile, nyakati zilezile, na chakula kufungiwa mahali dubu hawafiki. Anayepanga safari akiwa na pesa ya kitu kimoja tu anunue pipa gumu la kuhifadhia chakula kwanza.

Basi kwa nini mtu abebe shotigani? Upepo ukimvumia usoni, pilipili humrudia mwenyewe. Ndani ya hema kopo ni balaa kwa wote. Mvua kubwa hupunguza umbali wake. Na kuna wanaoishi huko msimu mzima kwa kazi, wapimaji, watafiti wa samaki, wenye kambi za uvuvi, ambao dubu akizoea jiko lao hawana namna ya kuhama. Idara ya wanyamapori ya Alaska yenyewe, katika ushauri wake kwa umma, hutaja shotigani ya geji 12 yenye slagi, yaani risasi moja nzito badala ya marisau, au raifo ya .300 Magnum kuwa silaha zinazofaa ikibidi kumpiga dubu risasi, na huonya kuwa bastola nzito kama .44 Magnum inaweza isitoshe, hasa mikononi mwa asiye na mazoezi. Shotigani pia inameza vitu ambavyo raifo haiwezi: risasi za mpira na fataki za kutisha, ambazo taasisi nyingi huzitumia kabla ya kufikiria kuua. Hapo pana mtego: fataki ikilipukia nyuma ya dubu humkimbiza kuelekea kwa aliyeirusha. Na ili mtu asichomoe isiyofaa kwa haraka, katika kazi hiyo fataki na slagi hazikai mfuko mmoja.

Sababu nyingine ya shotigani kupendwa ni ya barabarani. Anayeendesha gari kutoka Seattle au Montana kwenda Alaska hupita Kanada. Bastola kwa msafiri wa kawaida hapo mpakani ni mlango uliofungwa. Shotigani ya kawaida huandikwa kwenye fomu, hulipiwa dola 25 za Kanada, na ruhusa hudumu siku 60.

Sasa ufupi. Sheria ya silaha ya Marekani ya 1934 inaitaka shotigani iwe na mtutu usiopungua inchi 18, yaani sentimita 46, na urefu wote usiopungua inchi 26, sentimita 66. Chini ya hapo inahitaji usajili wa serikali kuu. Kodi ya dola 200 iliyoambatana na usajili huo ilikaa bila kubadilika kwa miaka 90 na zaidi, na kwa silaha za aina hii ilishushwa hadi sifuri kuanzia Januari 2026, lakini usajili wenyewe ulibaki, na majimbo yana sheria zao juu yake. Ndiyo maana karibu kila shotigani fupi unayoiona dukani ina mtutu wa inchi 18 au 18.5. Ukilinganisha na ile ya kuwindia bata, yenye mtutu wa inchi 28, umeshaokoa karibu sentimita 25. Mossberg 590 au Remington 870 yenye mtutu huo mfupi ina urefu wa takriban mita moja na uzito wa kilo 3 na kidogo. Kwa mtembeaji hilo tayari ni fupi.

Wengi hawatosheki hapo. Mwaka 2017 Mossberg walitoa Shockwave, na Remington wakaja na Tac-14: mtutu wa inchi 14 hivi, kishikio kilichopinda nyuma, kitako hakuna kabisa, urefu wote ukizidi inchi 26 kwa unyoya tu, hivyo kisheria si shotigani na haihitaji usajili. Ina kilo 2.4 na inaingia ubavuni mwa begi. Kwenye meza ya duka hakuna kinachovutia zaidi.

Ila kitako ndicho kinachofanya bunduki ielekee unakotazama. Ukiisukuma begani, shavu likagusa mbao au plastiki, jicho linakaa kwenye mstari wa mtutu bila wewe kufikiri, kila mara mahali palepale. Ukikiondoa unabaki na chombo unachokishika mbele ya kifua au usoni, kikielekezwa kwa makadirio, na slagi ni risasi moja, haisamehe makadirio. Umbali wa mita 10, kosa dogo la pembe kwenye kiganja huipeleka risasi bega la dubu badala ya kifua, au hewani kabisa. Halafu kuna fizikia isiyobembelezeka: nguvu ya bunduki kurudi nyuma huongezeka kadiri bunduki inavyopungua uzito. Risasi ileile ikitoka kwenye bunduki ya kilo 2.4 inakupiga kwa theluthi moja zaidi kuliko ikitoka kwenye ya kilo 3.2, na kwenye ile ya kilo 2.4 hakuna bega la kupokea, ni viganja vya mikono. Risasi ya pili, kama ipo, inachelewa. Wapo wanaoweza kuitawala Shockwave, nao wamefyatua mamia ya risasi kujifunza. Watu wa aina hiyo hawaulizi wabebe nini.

Kwa hiyo anayetaka kufupisha afupishe pale pasipomgharimu. Kitako cha kawaida humpa mtu kama inchi 14 kutoka triga hadi begani, kipimo kilichowekwa kwa mwanaume mrefu aliyevaa shati. Mtembeaji wa Alaska ana sweta, koti la mvua na mikanda ya begi juu ya bega. Kitako cha inchi 12 na nusu au 13, kama wanavyouza kwa vijana na watu wafupi, huinuka bila kukwama kwapani, na bunduki nzima inapungua sentimita 3 au 4. Vipo vya kurekebisha kwa vipande vya kuongeza na kupunguza. Ni mabadiliko ya bei ndogo, hayana mvuto wowote kwenye picha, na naamini yanasaidia kuliko inchi 4 za mtutu. Vitako vya kukunja vinakunjika vizuri, ndiyo, lakini sekunde ya kukikunjua inatoka kwenye zile mbili, na kikiwa kimekunjwa mtu hana pa kuweka shavu.

Risasi ndiyo inayoamua mengine yote. Geji 12 maana yake ni kwamba mipira 12 ya risasi yenye upana wa tundu la mtutu ina uzito wa ratili moja, hivyo tundu ni kama milimita 18.5, zaidi ya mara mbili ya raifo nyingi. Marisau makubwa ya namba 00, yale ambayo ganda la kawaida hubeba 9, kila moja likiwa na upana wa milimita 8.4 na uzito wa gramu 3 na nusu, yanaogopesha kwa jina tu. Mbele ya dubu wa kilo 400, mwenye manyoya, mafuta na misuli ya mabega, tembe laini za gramu 3 na nusu huishia njiani. Kuna ushauri wa kale wa kuanza na marisau halafu slagi, kwa nia ya kumtisha kwanza. Nauona ushauri mbaya: unatumia risasi yenye nafasi nzuri kuliko zote kumkasirisha.

Hata slagi zina daraja. Ile iliyobuniwa na Karl Foster mwaka 1931 ndiyo ya bei rahisi na imejaa madukani: risasi laini ya gramu 28 yenye shimo nyuma, inayokwenda kama mita 475 kwa sekunde. Ikigonga inatandazika. Kwa kulungu wa huko hilo ndilo linalotakiwa, kwa dubu inapoteza kina. Slagi ya namna ya Brenneke, ambayo Mjerumani Wilhelm Brenneke aliibuni mwaka 1898, ni pande gumu lisilo na shimo lenye kizibo kilichofungwa nyuma kulituliza, na matoleo yake ya leo ya risasi iliyochanganywa iwe ngumu huingia moja kwa moja bila kutandazika mapema. Nzito kabisa ya ganda la inchi 3 ina gramu 39. Tatizo ni kwamba gramu hizo 39 zinalipwa na bega. Aliyefyatua mbili asubuhi kwenye uwanja wa mazoezi hutafuta kisingizio cha kutofyatua ya tatu, na hapo mazoezi yamekufa. Slagi ngumu ya ganda fupi, inchi 2 na robo tatu, inamtosha mtu ambaye ataipeleka inakotakiwa. Mwenye mwili mdogo asione aibu kuchukua geji 20 yenye slagi ngumu.

Ukweli usemwe, raifo inaishinda shotigani kwa kina. William Meehan na John Thilenius wa Idara ya Misitu ya Marekani walichapisha mwaka 1983 majaribio ya silaha kwa umbali wa yadi 15, mahususi kwa wafanyakazi wanaokutana na dubu, na raifo nzito kama .458 na .375 ndizo zilizotia fora. Shotigani inachaguliwa kwa sababu ya bei, urahisi wa kuipata na kazi nyingi inazofanya.

Sasa tuitazame kwa karibu shotigani ya pampu, yaani ile ya kuvuta kwa mkono. Risasi ziko kwenye bomba chini ya mtutu. Mkono wa kushoto unavuta kishikio nyuma mpaka mwisho, ganda tupu linaruka, unasukuma mbele mpaka mwisho, risasi mpya inaingia chemba. Hofu huufupisha mkono. Kishikio kinavutwa robo tatu ya njia, ganda tupu halitoki, au linatoka na jipya halijapanda, triga inavutwa na kinachosikika ni kimya. Kosa hili ni maarufu mno kwa wakufunzi na halitibiki kwa kununua bunduki ghali, linatibika kwa kurudia tendo hilo hadi mkono usahau namna nyingine. Uzuri ni kwamba unaweza kulirudia kwa risasi za bei rahisi za ndege, au kwa maganda ya plastiki ya mazoezi nyumbani. Nusu-otomatiki huondoa kosa hilo na kuleta mengine: zile zinazoendeshwa na msukumo wa kurudi nyuma hutaka bega lililokazwa, na bega la mtu anayerudi kinyumenyume halijakazwa. Ile ya mitutu miwili iliyolala sambamba haikwami hata kidogo, ila risasi ni 2 tu.

Chemba iwe na risasi au la? Viongozi wengi wa safari hujaza bomba na kuacha chemba tupu, kwa kuwa mtu akiteleza kwenye jiwe lenye ukungu, mtutu unatazama mguu wa mwenzake. Kuingiza risasi ni tendo moja la mkono, nalo huwa limeshakuwa tabia kwa aliyefanya mazoezi. Kwa kundi la marafiki wasiojuana vizuri na silaha, nakubaliana nao kabisa. Hatari ya kumpiga mwenzako ipo kila hatua ya safari. Ya dubu huenda isitokee maisha yako yote.

Na bunduki ikae wapi? Hapa ndipo ufupi una kazi ya kweli. Shotigani iliyofungwa kwenye begi, hata iwe fupi namna gani, haipo. Iliyoegemezwa kwenye mti mita 6 kutoka kwa mvuvi anayesafisha samaki, nayo haipo. Mkanda wa kawaida begani humfanya mtu ateremshe bunduki kwa mkono mmoja huku mkanda wa begi ukiudaka, kwa hiyo wazoefu huivaa kifuani ikining'inia mlalo, au huitia kwenye kishikizo kwenye mkanda wa bega la begi. Mtutu wa inchi 18 hauchomi matawi ukiwa umekaa hivyo, wa inchi 28 unachoma kila hatua. Jaribio ni moja: vaa kila kitu, begi lote, koti, glavu, kisha mwenzako apige makofi bila kukuonya, na bunduki ikiwa haina risasi uipeleke begani. Ikizidi sekunde 2, badilisha mkanda kabla ya kubadilisha bunduki.

Vikorokoro vingine vipite haraka. Tochi chini ya mtutu inamfaa mlinzi wa duka. Alaska Juni na Julai usiku hauwi usiku. Kionea cha duara nyuma na nukta kubwa mbele kinatosha. Kishikilia risasi cha pembeni chenye 4 kinatosha, kila ganda la slagi ni uzito, na ni vigumu kufikiria kisa ambacho mtu atahitaji risasi 12 akiwa bado na nafasi ya kuzijaza. Kutu ni adui wa kweli kwenye pwani ya kusini-mashariki, penye mvua karibu kila siku na hewa ya chumvi. Chuma kilichopakwa nikeli au rangi ya baharini kinalipa gharama yake.

Wakazi wengi wa Alaska siku hizi wameacha bunduki ndefu wakachukua bastola ya milimita 10 au .44 kwenye ala ya kifuani, kwa sababu moja tu: inakaa na mtu anapovua, anapopika, anapokwenda haja. Utafiti wa 2012 haukuwapa sababu ya kujuta. Wengine huchukua raifo fupi ya Marlin ya .45-70. Mtu anayejijua kwamba bunduki ndefu ataiweka chini kila akisimama, achague bastola, na aifanyie mazoezi zaidi, maana ni ngumu kuliko zote kuilenga.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi mwenye viza ya utalii ajue kwamba sheria ya Marekani kwa kawaida inamkataza mgeni wa viza ya muda hata kushika silaha, isipokuwa akiwa na leseni halali ya uwindaji au sababu chache nyingine zilizotajwa, na kuingiza yake kunataka kibali cha awali. Jamaa zetu wenye makazi ya kudumu huko hawahusiki na katazo hilo. Kwa mgeni, pilipili ndiyo jibu, na ainunue Anchorage baada ya kutua, kwani haipandi ndege ya abiria, si mkononi wala kwenye mizigo. Kanada, kwenye hifadhi za Banff na Jasper, pilipili ndiyo jibu kwa kila mtembeaji, mgeni na mwenyeji, kwa kuwa humo mtembeaji haruhusiwi kubeba bunduki. Hifadhi za taifa za Marekani tangu Februari 2010 zinamruhusu mtu kuwa na silaha kwa kufuata sheria za jimbo husika, ingawa kuifyatua humo kunabaki jambo la kujieleza.

Na aliyefyatua Alaska nje ya leseni ya uwindaji, kwa kujitetea, dubu si wake. Sheria inamtaka athibitishe kwamba hakuwa na njia nyingine na kwamba hakumvuta dubu mwenyewe kwa chakula alichokiacha ovyo. Halafu achune ngozi pamoja na kucha, atoe fuvu, avibebe na kuvikabidhi kwa jimbo, na ajaze taarifa ndani ya siku 15. Ngozi mbichi ya dume kubwa pamoja na fuvu huweza kupita kilo 45, na itabebwa kwa miguu hadi barabarani au ndege inakoweza kutua.